Kwa Nini Mahindi Hunyauka Udongo Ukiwa Bado na Unyevu

Wakulima wengi wameliona jambo hili: mvua imekatika, ukichimba shambani unakuta udongo bado una unyevu, lakini mahindi yamekunja majani. Maji yapo, ila mizizi haiwezi kuyavuta.

Kati ya chembe za udongo kuna matundu makubwa na madogo. Mvua kubwa ikinyesha, yote hujaa. Baada ya siku chache, maji ya matundu makubwa huzama chini na hewa huchukua nafasi yake. Yanayobaki hushikwa katika matundu madogo na kama utando mwembamba juu ya chembe. Kadiri udongo unavyokauka, ndivyo yanavyoshikwa kwa nguvu zaidi, mpaka mizizi inashindwa.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Imenti hadi Manyatta na Runyenjes, ni wa mfinyanzi na una kina kirefu. Huhifadhi maji mengi, ingawa sehemu ya maji hayo mmea hauyapati. Udongo wa kichanga wa Mbeere hunywa mvua upesi na kuiachilia upesi, kwa hiyo akiba yake huisha mapema.

Maji hayaendi chini tu. Hutoka penye unyevu kwenda pakavu, hata kupanda juu, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Ndiyo maana udongo ulioachwa wazi juani hupoteza unyevu wake hewani. Lakini matundu yakishakauka, njia hukatika na mwendo wa maji hupungua sana. Mzizi hauwezi kungoja maji ya mbali yaufuate. Ni lazima uyaendee.

Kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, zingatia haya:

- Tandaza mabua au nyasi kavu ili jua lisipige udongo moja kwa moja.
- Ongeza samadi iliyooza, hasa kwenye kichanga, ili udongo ushike maji zaidi.
- Vunja tabaka gumu linalotokana na kulima kina kile kile kila msimu, ili mizizi ishuke.
- Usilime udongo ukiwa umelowa chepechepe. Utaziba matundu yanayopitisha maji na hewa.
- Sehemu kavu, chimba mashimo ya zai, na panda mtama au ndengu zinazostahimili ukame.

Kwa ushauri kuhusu shamba lako, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.