Kunde inatambua meno ya kiwavi

Bakamarade, leo hatuongei mishahara. Mshahara ukichelewa, wote tunajua, shamba njo linalisha nyumba. Na tangu 2016 kiwavi jeshi, ule ma-agronome wanaita chenille légionnaire, ameonekana Afrika akitoka Amerika, na anakula mahindi yetu ya bukari.

Lakini kiwavi huyo akiuma jani la kunde, kunde inamujibu. Namna gani, na haina macho wala masikio?

Jani limejengwa na seli ndogo ndogo, sawa vile atelie nyingi ndani ya usine moja. Kwenye ngozi ya seli kunasimama protini zinazoitwa reseptere: nusu inje, nusu ndani. Ni kama delege wetu, anasikia habari inje na kuipeleka ndani. Tofauti ni kwamba delege huyu anajua neno moja tu.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walilipata neno hilo ndani ya mate ya kiwavi jeshi: kipande cha asidi amino 11, wakakiita inseptini. Na kipande hicho si cha kiwavi, ni cha kunde yenyewe! Kiwavi amekula protini ya kloroplasti, tumbo lake limeikatakata, na akiuma tena anairudisha pamoja na mate. Kunde inatambua mwili wake mwenyewe ndani ya kinywa cha adui. Jembe likikwaruza jani, hakuna mate, basi hakuna inseptini. Ajali ni ajali, wizi ni wizi. (Hata kazini tungependa uchunguzi wa haraka hivi.)

Delege mwenyewe alijulikana 2020, jina lake INR. Akishika inseptini, seli inafanyiza etileni na kuamsha ulinzi. Watafiti walimutia ndani ya tumbaku, ambayo haina INR, na kiwavi mmoja wa jamaa ya kiwavi jeshi akakua polepole.

Mahindi yana ulinzi wake, lakini INR hayana. Iko kwa kunde, maharagi na ndugu zao. Tena kunde zote hazisikii sawasawa: watafiti walifikia INR kwa kulinganisha mbegu za aina nyingi. Ndiyo maana sisi hatukubali mtu aje na mufuko wa mbegu ya aina moja na kuambia bamama watupe zile za zamani. Wachukue mpya kama wanapenda, lakini za zamani zipandwe pembeni.