Kuhamia Bujumbura: Tazama Mto Kabla ya Kupanga Nyumba

Wakazi wengi wa mipakani huhamia Bujumbura kwa ajili ya biashara au masomo. Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, yafaa kuitazama mito. Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi kutoka milimani hadi Ziwa Tanganyika, na mvua kubwa zinaponyesha hula kingo zake. Mwezi Februari 2014, mafuriko na matope ya usiku mmoja yaliua watu zaidi ya 60, hasa katika mitaa ya kaskazini. Mwaka 2020, mto Rusizi ulifurika Gatumba, na maelfu wakakosa makazi.

Nyumba ya bei nafuu kando ya korongo ina sababu ya unafuu wake. Waulize majirani maji yalifika wapi, kisha ukague kuta na ukingo wakati wa mchana.

Ukishahamia, jitambulishe kwa mkuu wa mtaa, na kila alalaye nyumbani, hata mgeni, aandikwe katika daftari la kaya. Daftari hilo ni la ukaguzi.