Klachi ya trekta: Pima kwanza kabla ya kulifungua

MSIMU wa kulima hauna subira. Mvua za kwanza zikinyesha, wakulima wa mahindi Kiteto wanalitaka trekta siku ile ile, na kwa wenzao wa mpunga kule Mbarali hali ni hiyo hiyo. Kwa mwenye trekta la kukodisha, wiki hizo chache ndizo zinazolipa gharama za mwaka mzima. Likikwama, mteja hasubiri. Anatafuta jingine.

Klachi ni moja ya vitu vinavyokwamisha matrekta wakati huo. Hata hivyo, si kawaida klachi kufa ghafla. Hutoa dalili mapema, na tatizo likiwa changa huweza kumalizwa kwa spana mbili na rula. Ubaya ni kwamba wamiliki wengi huikumbuka pale inapoanza kunuka.

Siri iko kwenye pedeli

Klachi inaunganisha injini na giaboksi. Pleti yenye lainingi hubanwa kwenye flaiwili na presha pleti yenye springi kali. Dereva akikanyaga pedeli, beringi ya klachi husukuma vidole vya presha pleti, pleti inaachiwa na nguvu ya injini haifiki kwenye gia.

Ili springi zibane sawasawa, pedeli lazima icheze kidogo kabla beringi haijagusa vidole. Kwa matrekta mengi nafasi hiyo ni kati ya milimita 20 na 40 ukipimia juu ya pedeli, lakini kipimo halisi kimo kwenye kitabu cha trekta lako.

Wengi hudhani lainingi ikilika pedeli hulegea zaidi. Ni kinyume chake: nafasi ya kucheza hupungua. Ikiisha, beringi hukaa ikisukuma vidole muda wote, klachi inateleza na lainingi inaungua. Dereva mwenye tabia ya kuegemeza mguu kwenye pedeli analeta madhara hayo hayo, hata kama kipimo kiko sawa.

Soma dalili

Injini ikipandisha sauti lakini trekta likapunguza mwendo plau inapozama ardhini, klachi inateleza. Sababu ni pedeli kukosa nafasi, lainingi kwisha, springi kuchoka, au oili kuvujia kwenye pleti kutoka sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi.

Gia zikisaga wakati wa kuingiza, au trekta likijivuta mbele wakati pedeli iko chini, klachi haiachii. Hapo huenda nafasi ya pedeli imezidi, fimbo zake zimepinda, au pleti imepinda kwa joto. Trekta lililokaa miezi mingi bila kazi, pleti huweza kushikana na flaiwili kwa kutu.

Trekta likitetemeka wakati wa kuondoka, shuku oili kwenye lainingi au vidole visivyolingana. Kelele inayotokea ukikanyaga pedeli kwa kawaida ni ya beringi ya klachi.

Namna ya kurekebisha

Egesha trekta mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono na weka vizuizi kwenye magurudumu. Sukuma pedeli kwa mkono hadi uhisi imeanza kuwa nzito, kisha pima kwa rula umbali iliotembea.

Kama kipimo hakilingani na cha kitabu, legeza nati ya kufungia kwenye fimbo ya klachi. Zungusha kirekebishi kidogo kidogo huku ukipima tena pedeli kila mara. Ikifika kwenye kipimo, kaza nati na paka grisi kwenye viungo.

Washa injini, kanyaga pedeli hadi mwisho na ingiza gia. Ikiingia bila kusaga na trekta likatulia, kazi imekwisha. Pima tena kila wiki wakati wa msimu.

Angalizo: matrekta mengi ya Massey Ferguson yana klachi ya hatua mbili. Pedeli ikifika katikati trekta husimama. Ikifika chini kabisa, shafti ya PTO inayozungusha mashine za nyuma nayo husimama. Hatua ya pili ina marekebisho yake ya ndani, hivyo mwachie fundi anayeijua. Kwa matrekta yenye klachi ya haidroliki, anza kwa kuangalia kiwango cha mafuta yake na uvujaji.

Ikibidi kulifungua

Kama pedeli iko kwenye kipimo na klachi bado inateleza, hakuna njia ya mkato. Injini na giaboksi lazima vitenganishwe. Kwa kuwa kazi hiyo ndiyo nzito, usibadilishe pleti peke yake ukarudisha beringi iliyochoka na sili inayovuja. Flaiwili ikaguliwe kama ina mikwaruzo au nyufa. Vumbi la ndani lisipulizwe kwa upepo, kwani lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ni hatari kwa mapafu.

Anayenunua trekta lililotumika asiridhike kulisikia likiunguruma. Alifunge plau na kulilimisha kwa gia ya kazi. Klachi iliyochoka haijifichi kwenye udongo mgumu.

Msimu ukiisha, trekta linalokwenda kulala muda mrefu liegeshwe mahali pakavu, na pedeli ifungwe ikiwa chini ili pleti isishikane na flaiwili, kama kitabu chake kinaruhusu.

Kisha mwenye trekta apige hesabu mwenyewe. Tuseme linalima ekari nane kwa siku. Likilala siku nne kusubiri vipuri, ni ekari 32 zilizopotea. Zidisha kwa bei ya kulima ekari moja kijijini kwako, ongeza gharama ya fundi na vipuri, halafu linganisha na dakika chache za kupima pedeli kwa rula.