Mchezo wa Mkononi wa Kijapani na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwalimu anayeanza kazi hujifunza upesi kunyang'anya. Hunyang'anya manati, gololi na picha za wachezaji wa mpira, na pengine hunyang'anya vitu vya kuchezea vya elektroniki vilivyofichwa chini ya dawati. Kufanya hivyo si kosa, maana kipindi hakitoshi hata kwa somo lenyewe. Lakini mwalimu anayenyang'anya kitu bila ya kukitazama hupoteza nafasi ya kujua ni kitu gani kilichomshinda yeye katika kushika fikira za mtoto.

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha nilimnyang'anya mvulana wa darasa la tano mchezo mdogo wa Kijapani, wenye umri mkubwa kuliko yeye, aliopewa na mjomba wake baharia. Jioni ile niliujaribu. Nilishindwa mara ya kwanza, nikashindwa mara ya pili na ya kumi, na kila niliposhindwa nilibonyeza kitufe nikaanza upya. Nilipotazama saa ilikuwa yapata saa nne ya usiku, na madaftari ya hisabati ya darasa lile yalikuwa bado mezani. Nilipolifungua daftari la mvulana yule yule nilikuta hesabu mbili za kugawanya alizokosa, kisha nafasi tupu mpaka chini ya ukurasa. Mtoto aliyekuwa tayari kushindwa mara ishirini mbele ya kioo kidogo, alishindwa mara mbili tu mbele yangu, akaacha.

Makala haya yanakusudia kueleza michezo hiyo ilitoka wapi na inafanyaje kazi, na kutafuta sababu ya tofauti hiyo.

Asili ya michezo hii

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karata za Kijapani ziitwazo hanafuda. Mwaka 1965 kampuni ilimwajiri kijana aliyesomea uhandisi wa umeme, Gunpei Yokoi, ili atunze mitambo ya kutengenezea karata. Mitambo haikuharibika kila siku, na Yokoi alipokosa kazi alijitengenezea mkono wa kurefuka, uliofanyizwa kwa vipande vilivyounganishwa mfano wa mikasi mingi iliyofuatana. Hiroshi Yamauchi, mkuu wa kampuni, alipouona hakumfukuza kazi, bali alimwagiza augeuze kuwa bidhaa. Mkono huo uliuzwa mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na idadi iliyouzwa ilizidi milioni moja.

Katika miaka ya 1970 makampuni ya Japani yalishindana kutengeneza vikokotoo vidogo vyenye kioo cha fuwele za kimiminika. Kwa sababu ya mashindano hayo, vioo na vipande vya elektroniki vilivyohitajiwa vikawa vingi na rahisi. Inasimuliwa kwamba Yokoi, akisafiri kwa treni iendayo kasi, alimwona abiria aliyechoka akijipitishia muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake. Akawaza: kwa nini pasiwe na mchezo mdogo kama kikokotoo, ambao mtu mzima anaweza kuucheza bila ya kuona haya?

Mchezo wa kwanza, ulioitwa Ball, ulitolewa mwezi wa Aprili mwaka 1980. Ulionyesha mtu anayerusha mipira na kuidaka. Vioo na vipande vya elektroniki vilitoka kwa kampuni ya Sharp, iliyokuwa na ujuzi mkubwa wa vikokotoo. Usipochezwa, mchezo huo ulionyesha saa, na ndiyo maana mfululizo wote uliitwa Game & Watch, yaani mchezo na saa. Mpaka mfululizo huo ulipokoma mwaka 1991, zaidi ya michezo milioni 40 ilikuwa imeuzwa.

Yokoi alikuwa na kanuni ambayo mwanachuo yampasa aitafakari: kuchukua ufundi uliokwisha kuzeeka, unaofahamika vema na kupatikana kwa bei ndogo, na kuutumia kwa njia ambayo bado haijafikiriwa. Kanuni hiyo ilionekana tena katika Game Boy, uliotolewa mwaka 1989. Kioo chake hakikuwa na rangi, wala hakikuwa na mwanga wake chenyewe. Washindani wake, Lynx wa Atari wa mwaka 1989 na Game Gear wa Sega wa mwaka 1990, walikuwa na vioo vya rangi za kupendeza, lakini walikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ulitumia betri nne kwa muda mrefu zaidi, nao ndio ulioenea duniani. Yokoi alifariki mwaka 1997 katika ajali ya barabarani.

Jinsi kioo kinavyofanya kazi

Ndani ya mchezo wa aina hii mna vipande viwili vyembamba vya kioo, na katikati yake tabaka nyembamba mno ya kimiminika ambacho chembe zake hujipanga kwa utaratibu kama zilivyo chembe za fuwele. Nje ya vioo hivyo mna vichujio viwili vya nuru vilivyowekwa kwa kupishana. Umeme usipopita, chembe hukaa kwa mpangilio wa kujisokota kama kamba, nazo huigeuza nuru inayopita hata iweze kupenya kichujio cha pili. Nyuma mna kiakisi kinachoirudisha nuru hiyo, na kioo huonekana cheupe. Umeme ukipelekwa mahali fulani, chembe za mahali hapo husimama wima, nuru haigeuzwi tena, kichujio cha pili huizuia, na umbo jeusi hutokea.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, kioo hakitoi nuru bali hutumia ile inayokiangukia. Kwa hiyo betri ndogo mfano wa kifungo cha shati hutosha kwa miezi kadhaa. Pili, maumbo yote yamekwisha kuchorwa kiwandani, na kila moja lina mahali pake pasipobadilika. Mpira unaoonekana kuruka hauruki. Ni mipira mingi iliyochorwa katika njia moja, na kila mmoja huwaka na kuzimika kwa zamu. Jicho na akili ya mchezaji ndizo zinazounganisha.

Jambo hili unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa kikokotoo cha kawaida. Kiinamishe kwenye mwanga mkali na ukitazame kwa upande. Mara nyingi utaona vivuli hafifu vya vipande saba katika kila nafasi ya tarakimu, hata vile visivyowaka. Tarakimu 8 hutumia vipande vyote saba, tarakimu 1 hutumia viwili, na tarakimu 4 hutumia vinne.

Kwa nini mchezaji hachoki

Tuchukue mfano wa mchezo ulioitwa Fire, wa mwaka 1980. Watu wanaruka kutoka katika nyumba inayoungua, na wazimamoto wawili wanawapokea kwa machela na kuwarusha tena mpaka wafike kwenye gari la wagonjwa. Mchezaji ana kazi moja tu: kuwasogeza wazimamoto kushoto au kulia. Akimkosa mtu, kosa moja huandikwa, na makosa matatu humaliza mchezo. Ukichunguza utaona mambo manne.

(a) Kazi inaeleweka tangu mwanzo. Hakuna maelezo marefu. Mchezaji anajua atakiwalo kabla ya kuanza.

(b) Ugumu hupanda kidogo kidogo. Mwanzoni huruka mtu mmoja, polepole. Kadiri pointi zinavyoongezeka ndivyo mwendo unavyozidi. Tena mpo ngazi mbili, A na B, na mchezaji huchagua mwenyewe.

(c) Jibu huja papo hapo. Mchezaji hangoji mpaka kesho kujua kama amefaulu au ameshindwa.

(d) Kosa lina kikomo na halina aibu. Baada ya makosa matatu mchezo huisha, lakini kitufe cha kuanzia kipo palepale. Hakuna anayecheka, wala kosa la jana halikuandikwa kwa wino mwekundu.

Nililinganisha mambo hayo na zoezi langu la kugawanya. Hesabu ya kwanza ilikuwa rahisi, ya pili ilikuwa na baki, na ya tatu ilikuwa na kigawanyo cha tarakimu mbili. Hizo zilikuwa ngazi tatu katika mistari mitatu. Majibu yalikuja baada ya siku mbili, nayo yalikuwa alama za mkasi tupu. Mvulana yule hakuwa mvivu. Zoezi langu ndilo lililokuwa limeundwa vibaya.

Nilimrudishia mchezo wake siku ya Ijumaa. Juma lililofuata nilitoa hesabu kumi na mbili zilizopangwa kwa ngazi, nikapita kati ya madawati nikisahihisha wakati wakiandika, na kila aliyekosa aliruhusiwa kufuta na kujaribu tena kabla ya alama kuandikwa. Mvulana yule hakugeuka kuwa hodari wa hisabati, lakini nafasi tupu katika daftari lake zilipungua.

Kiumbe cha mfukoni

Mwezi wa Novemba mwaka 1996 kampuni ya Bandai ilitoa nchini Japani kitu kingine cha kuchezea kilichoitwa Tamagotchi, jina lililotokana na neno la Kijapani la yai pamoja na neno la Kiingereza la saa. Wabunifu wake, Aki Maita na Akihiro Yokoi (si ndugu wa Gunpei), walitengeneza umbo la yai lenye kioo kidogo na vitufe vitatu. Ndani yake kiumbe huanguliwa, nacho hudai kulishwa, kusafishwa, kuchezeshwa na kutibiwa. Kikisahaulika, hufa.

Mwaka 1997 kitu hicho kilipoenea nje ya Japani, shule nyingi zilikipiga marufuku, kwa kuwa kiumbe hakikujua ratiba ya vipindi na kililia wakati wowote. Walimu wale walikuwa na haki. Hata hivyo tukio lile lilidhihirisha kwamba mtoto hupenda kukabidhiwa kitu kinachomtegemea, na huumia kwa kweli anapokipoteza. Shule zetu zina nafasi ya kuitumia hamu hiyo bila ya betri. Mche wa mharagwe katika kopo, wenye jina la mtoto na daftari la kumwagilia, hufanya kazi hiyo hiyo, na juu ya hayo una mizizi ambayo mtoto aweza kuichimbua na kuichunguza.

Kuyatumia haya darasani

Mwanachuo asidhani kwamba namshauri kununua michezo hii. Kanuni ya Yokoi yenyewe yatufundisha kutumia kilichopo. Natoa mifano mitatu.

1. Mkono wa kurefuka. Kata vipande vya boksi gumu vyenye urefu sawa, uvitoboe katikati na kwenye ncha zote mbili, kisha uviunganishe kwa pini au vijiti. Wanafunzi wapime mkono wa kushikia unasogea kiasi gani na ncha ya mbele inakwenda mbali kiasi gani. Watagundua kwamba kinachopatikana katika umbali hupotea katika nguvu: ncha huenda mbali, lakini haiwezi kuinua kitu kizito.

2. Tarakimu za vijiti. Kila mwanafunzi awe na vijiti saba vya kiberiti visivyo na baruti. Waunde tarakimu kama za kikokotoo. Kisha uliza: ni namba gani kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa vijiti saba? Wengi watasema 8, kwa kuwa inatumia vijiti vyote. Waache wahangaike. Atakayepata 711 amekwisha kuielewa thamani ya nafasi kuliko ungeweza kumweleza kwa maneno.

3. Hesabu za kichwa kwa ngazi. Gawa darasa katika vikundi na ukipe kila kikundi maharage matatu. Piga ngoma polepole. Jibu litolewe kabla ya pigo la nne. Kila majibu kumi ya kweli yakipatikana, ongeza mwendo kidogo. Kikundi kikikosa hutoa harage moja, na kabla ya kuendelea hueleza jibu sahihi kwa kutumia vifuniko vya soda. Maharage yakiisha, kikundi hurudishiwa matatu na kuanza upya.

Tahadhari

Mchezo hauwezi kuchukua nafasi ya mwalimu. Humwambia mtoto kwamba amekosa, lakini haumwambii kwa nini amekosa. Mtoto aweza kuwa mwepesi wa vidole miezi sita asiongeze ufahamu hata kidogo. Ndiyo maana katika mfano wa tatu nimeweka sharti la kueleza jibu. Bila ya sharti hilo tungebaki na mbio tu.

Aidha, betri ndogo za mfano wa kifungo ni hatari kubwa zikimezwa. Baadhi yake zaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya muda wa saa mbili. Ukihisi kwamba mtoto amemeza betri, usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja.

Kazi kwa mwanachuo

Chukua zoezi moja la hisabati ulilolitoa katika mazoezi ya kufundisha. (i) Onyesha ngazi zake, na ueleze ni wapi ngazi imepanda ghafla. (ii) Mwanafunzi alingoja muda gani kabla ya kujua kama amepata au amekosa? (iii) Aliyekosa alipewa nafasi gani ya kujaribu tena? (iv) Liandike zoezi hilo upya, kisha ulinganishe madaftari ya kwanza na ya pili. Zihesabu nafasi tupu kabla ya kuzihesabu alama za vema.