Binti wa Kwenye Filamu: Nani Humwamulia?

Jioni za Jumapili hapa Kashaulili, watu wanapokuwa wametoka kanisani na soko limeanza kupungua, milango ya nyumba nyingi huwa wazi na sauti ya runinga husikika hadi barabarani. Mara nyingi ni sauti ya mwanamke anayelia. Sisi tunaopita kwenda kwenye jumuiya, au kumpelekea mgonjwa Komunyo, tumeizoea sauti hiyo kiasi cha kutouliza tena analilia nini. Siku moja binti mmoja wa kwaya alituuliza: "Padre, kwa nini kwenye muvi dada akitoka kijijini ni lazima aharibikiwe?" Tulimjibu kwamba ile ni hadithi tu. Baadaye tuliona kwamba jibu letu halikuwa la haki. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa hadithi, na hakuna anayethubutu kusema kwamba habari ya Mwana mpotevu ni hadithi tu.

Swali la binti yule lina uzito wa pekee katika mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2015–16 uliuweka Mkoa wa Katavi juu ya mikoa yote kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Hatusemi kwamba filamu ndizo zilizoleta hali hiyo. Umaskini, umbali wa shule, mahari inayosubiriwa na wazazi, na wanaume wazima wasio na haya vinatosha kuieleza. Lakini msichana anayekua katikati ya mambo hayo hutazama, jioni baada ya jioni, picha ya msichana kama yeye, na picha hiyo humwambia jambo fulani kuhusu uwezo wake. Papa Pio XI, katika waraka wake wa tarehe 29 Juni 1936 kuhusu sinema, alikwisha kuonya kwamba picha zinazotembea hufundisha kwa namna ya pekee, kwa sababu akili huzipokea kwa furaha na bila kuchoka, hata akili ya asiyejua kusoma. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walilirudia fundisho la namna hiyo katika hati yao kuhusu vyombo vya upashanaji habari, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, wakiwakabidhi wazazi na wachungaji wajibu wa kuwasaidia vijana kutazama kwa akili.

Je, sisi wachungaji tumeutimiza wajibu huo namna gani? Tukiri kwamba kwa sehemu kubwa tumepima urefu wa sketi. Mahubiri yetu kuhusu filamu za Kitanzania yamekuwa mahubiri kuhusu mavazi, pombe na mabusu. Hayo yana nafasi yake, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri kwa sababu kama hizo. Lakini filamu yaweza kumvika mhusika wake gauni refu na kitambaa kichwani, akasali rozari mwanzo hadi mwisho, na bado ikawafundisha mabinti zetu kwamba mwanamke hana akili yake mwenyewe.

Tuangalie jinsi hadithi hizo zinavyoundwa. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilipowavuta watazamaji wengi, filamu za Bongo zilienea nchini kwa njia ya diski. Nyingi zilipigwa kwa siku chache na kwa fedha kidogo, ndani ya nyumba moja au mbili za Dar es Salaam, kisha hadithi ikakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja ikiuzwa peke yake. Biashara ya namna hiyo ina matokeo yake katika utunzi. Mtunzi anahitaji jambo la kurefusha hadithi, na hakuna jambo rahisi kurefusha kama mateso ya mtu asiyejitetea. Mama mkwe anamnyanyasa, wifi anamsingizia, mume anamfukuza usiku, na yeye analia. Laiti angeamua jambo katika dakika ya ishirini, sehemu ya pili isingekuwepo!

Basi tukapata sura tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni mvumilivu, ambaye wema wake wote ni kunyamaza. Ya pili ni mchunaji, msichana wa mjini anayewapukutisha wanaume fedha hadi aadhibiwe kwa ugonjwa au kwa kifo. Ya tatu ni jini au mchawi, kama yule jini aliyempenda binadamu katika Shumileta ya Mussa Banzi. Kwa maoni yetu huyu wa tatu ndiye mwenye bahati kuliko wenzake, kwa kuwa walau anataka kitu na anakifuata. Lakini tazama linalofundishwa hapo: mwanamke mwenye nia yake mwenyewe si binadamu.

Mwaka 1985 mchoraji wa katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alichapisha kichekesho kilichozaa kipimo kinachobeba jina lake hadi leo. Filamu iwe na wanawake wawili walau, wazungumze wao kwa wao, na mazungumzo yao yahusu jambo jingine zaidi ya mwanamume. Filamu nyingi za Hollywood zilianguka mtihani huo mdogo. Zetu zikipimwa hutoa matokeo ya ajabu: wanawake wamejaa tele, wanazungumza bila kupumua, mama mkwe na mkwe, shoga na shoga, lakini habari ni ile ile, kijana wa nyumba hiyo na atalala wapi leo. Hatuna upungufu wa wanawake katika filamu zetu. Tuna upungufu wa mambo yao.

Hata hivyo kipimo cha Bechdel hakitutoshi sisi waamini, maana wanawake wawili wanaweza kujadili bei ya mchele na kupasi mtihani. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake ya Kitume ya tarehe 15 Agosti 1988 kuhusu hadhi na wito wa mwanamke, alimweka mbele yetu mwanamke kama nafsi iliyo huru, iliyoumbwa kwa sura ya Mungu, inayojibu kwa niaba yake yenyewe. Mama yetu Bikira Maria hakukubali kabla ya kuuliza, na malaika alingoja. Mtakatifu Bernardo alihubiri kwamba ulimwengu mzima, pamoja na Adamu na mababu wa kale, ulikuwa ukisubiri neno la msichana yule wa Nazareti. Kwa hiyo swali tunalopendekeza familia zijiulize runinga ikishazimwa ni hili: katika hadithi hii, ni jambo gani limetokea kwa sababu binti huyu aliamua? Kama jibu ni hakuna, huyo hakuwa mhusika mkuu, hata kama picha yake ndiyo iliyojaza kava zima.

Swali hilo tumelijaribu pamoja na vijana kwa filamu chache. Iliyotuzaa matunda zaidi ni Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, binti muuza mahindi aliyejifunza sataranji, ambayo wengi huiita chesi, kwa mwalimu Robert Katende. Vijana wetu walifurahia ushindi wake. Sisi tulipenda zaidi anaposhindwa. Phiona anakwenda Urusi kwenye mashindano ya dunia, anashindwa, na kushindwa huko ni kwake mwenyewe. Hakulogwa wala hakusingiziwa na wifi. Alikosea mchezoni, akaumia, akarudi kucheza tena. Ni mara chache filamu humpa msichana heshima ya kukosea bila kumuua.

Na yupo mama yake, Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, mjane anayeuza sokoni na kukataa kutunzwa na wanaume kwa masharti yao. Anaiuza nguo aliyoithamini ili yapatikane mafuta ya taa, binti yake asome usiku. Binti yake mkubwa, Night, anapanda pikipiki ya mwanamume na kuondoka. Hapa vijana walinyamaza, kwa kuwa pikipiki hiyo waliitambua. Hupita kila asubuhi barabarani kwetu. Night anarudi ana mimba, na mama anampokea. Wimbo wa maombolezo haupigwi, mwanga haufifizwi. Anapewa nafasi yake ndani, na hadithi inaendelea.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar mwaka uliofuata, ni ngumu zaidi kwa mchungaji. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya wakati wa ukoloni, ameozwa akiwa mdogo mno kwa mwanamume anayeweza kuwa baba yake. Anamkimbia, anapata hifadhi kwa Mwajuma, na maisha yake yanaungana na ya Denge, mpigania uhuru. Mzazi mmoja alituuliza kwa mshangao kama padre anaweza kumsifu mke aliyetoroka. Hatuyasifu yote ayafanyayo Yasmin, na yako tusiyotamani mabinti zetu wayaige. Lakini kuhusu lile la kuozwa, Kanisa lina neno lake. Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo badala yao, na kanuni ya 1103 inaibatilisha ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa. Yasmin si Mkristo, na kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili yake; hata hivyo msingi wake ni utu ambao yeye anao sawa na sisi. Mzazi yule aliondoka bila kukubaliana nasi kabisa, na tunamheshimu kwa kubaki hadi mwisho.

Kwa wajane wa WAWATA tungechagua Neria, filamu ya Zimbabwe ya mwaka 1993. Shemeji anachukua mali na watoto, na mjane anakwenda mahakamani. Haihitaji maelezo marefu katika parokia yoyote tuliyowahi kuhudumu. Kwa wenye subira ipo Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Samehe, aliyekaa kimya miaka 20 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, anazungumzishwa na daktari mwanamke aliyetoka Marekani. Kuhusu mizimu filamu hiyo inasema mambo ambayo katekista hatayafundisha, lakini ukimya wa Samehe hautumiki kama pambo la uvumilivu. Ni jeraha, na filamu inalishughulikia kama jeraha.

Mambo yanabadilika. Katika Binti ya mwaka 2021 mwongozaji Seko Shamte aliwapa wanawake wanne wa Dar es Salaam hadithi nne, akiwemo mwenye duka anayeandamwa na deni na mwingine anayeandaa harusi na mwanamume anayempiga. Leah Mwendamseke, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Lamata, ameongoza tamthilia zinazokusanya familia nzima mbele ya runinga jioni. Hatudai kwamba mwongozaji akiwa mwanamke kazi inakuwa njema moja kwa moja.

Wala tusiwanyoshee vidole watu wa Dar es Salaam peke yao. Tulipokumbuka maigizo ya Krismasi ya parokia zetu tulipata aibu. Herode hupewa maneno mengi na vicheko vya watu. Wachungaji hubishana, mwenye nyumba ya wageni hufoka. Maria hupewa kanga ya buluu na mwanasesere, kisha huketi. Ziko kigango ambako hata swali lake kwa malaika liliondolewa ili kufupisha muda. Na Yudithi, Esta, Ruthu? Biblia yetu ina vitabu vitatu vizima vinavyobeba majina ya wanawake hao, na bado hatujawahi kuona igizo la Yudithi katika kigango chochote, ingawa vijana wangelipigania.

Mwaka huu basi tuliwaomba vijana wa kwaya waichukue hadithi ile ile ya dada anayetoka kijijini, ile aliyotuuliza binti yule, na waiendeleze kuanzia pale filamu inapoishia, dada amepata mimba na muziki wa huzuni umepigwa. Wavulana wengi walimwoza. Wawili walimuua, na mmoja alimpeleka Dubai akarudi na gari. Binti mwenye swali aliandika ukurasa mmoja na nusu. Dada yake anamwachia bibi mtoto, anakwenda shuleni na barua, kwa kuwa tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni. Anaogopa kucheka kwa wenzake, anageuka mara moja mlangoni, halafu anaingia. Mwalimu anamuuliza aliishia mada gani. Anaitaja. Mwalimu anatazama darasa lililojaa, anatoka nje, na anarudi ameburuza dawati.

Tulimuuliza kwa nini ameishia hapo. Alijibu kwamba hajui kama dada atafaulu, kwa sababu mtihani bado.