Madaftari ya Mvua na Kazi ya Kuyaorodhesha

Mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia na vyombo vya baharini vikatakiwa kusitisha safari, swali lililokuwa midomoni mwa watu wengi wa mwambao, wavuvi kwa wafanyabiashara, lilikuwa hili: je, jambo la namna hii limepata kutokea huku kwetu, au ndiyo dunia imegeuka? Jawabu ni kwamba limepata kutokea, ingawa kwa nadra. Aprili 15, 1872, katika siku za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikavunja merikebu bandarini na kuing'oa mikarafuu mashambani, lakini Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya karafuu nyingi kutoka Pemba tangu zama hizo. Na Aprili 1952 kimbunga kingine kikaingia nchi kavu upande wa Lindi. Kwa mambo makubwa kama hayo kumbukumbu ya wazee hutosha, kwani hakuna asahauye siku nyumba yake ilipoezuliwa. Ila mwanachuoni wa hali ya hewa hahitaji siku za balaa peke yake, bali anahitaji hata zile siku elfu na elfu ambazo hapakutokea lolote la kuhadithia, na siku hizo hazina shahidi mwingine ila daftari.

Watu wa pwani hawakuanza jana kuyahesabu majira. Mabaharia na wakulima walikuwa na mwaka wao wa jua, unaoanza siku ya Mwaka, yaani nairuzi, na kugawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, nao kwa hesabu hiyo walijua kusi itashika lini na kaskazi lini, na shamba litayarishwe katika mwongo wa ngapi. Na baadhi ya manahodha wa Kuwait, waliokuwa wakishuka na kaskazi hadi bandari zetu, waliandika ruznama, yaani shajara, za safari zao, ambazo nyingine zimehifadhiwa mpaka leo. Hesabu ya miongo, hata hivyo, ilihesabu wakati wa mvua pasipo kupima kina chake. Kipimo cha kila siku, chenye tarakimu na tarehe, kilienea bara na utawala wa wageni: Wajerumani walikuwa na kituo chao kikuu Dar es Salaam, na vipimamvua vikasambazwa kwenye maboma, misheni, mashamba ya katani, na katika taasisi ya kilimo ya Amani, Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902, na hesabu za vituo hivyo zikawa zikipelekwa Hamburg. Baada ya vita vikuu vya kwanza kazi hiyo ikashikwa na Waingereza, na mwaka 1929 ikaundwa idara moja ya hali ya hewa kwa nchi za Afrika Mashariki, makao yake Nairobi, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius. Mirathi hiyo ikaja kurithiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika njia yake.

Ndiyo maana leo mtu akitaka kujua mvua ya mahali pamoja katika nchi yetu kwa muda wa miaka mia moja na ishirini, yamkini atalazimika kugonga milango mitatu au minne: Hamburg, ambako idara ya hali ya hewa ya Ujerumani imehifadhi hesabu za vituo zaidi ya elfu moja vya ng'ambo, vikiwamo vya makoloni ya zamani; Uingereza; Nairobi; na Dar es Salaam. Karatasi zenyewe hazikupotea zote. Kilichopotea mara nyingi ni ujuzi wa kwamba zipo, na wapi, na ni za nini.

Hapo ndipo inapoanza kazi ambayo watu wake huiita uokoaji wa takwimu za hali ya hewa, na ambayo sehemu yake ya kwanza, iliyo ngumu na isiyo na sifa, ni kuorodhesha. Tuchukue ukurasa mmoja wa daftari la mvua la zamani za Waingereza. Pana safu ya tarehe, 1 hadi 31, na mbele ya kila tarehe pana kina cha mvua kwa inchi na sehemu za mia za inchi, kama alivyokiona mpimaji alipokwenda saa tatu asubuhi kwenye chombo chake cha shaba, akayamimina maji ya chupa ya ndani katika bilauri yenye alama, akasoma. Na pembeni pana nafasi ya kuandika kama palikuwa na ngurumo au mvua ya mawe. Ni ukurasa mwepesi kuutazama. Lakini mworodheshaji stadi huuliza maswali ambayo ukurasa haukuyatarajia. Nafasi iliyoachwa tupu tarehe 14 maana yake haikunyesha, au karani alikuwa na homa? Ile inchi moja na nusu ya Jumatatu ni ya Jumatatu, au ni limbiko la siku mbili kwa kuwa Jumapili hapakuwa na mtu? Mpimaji huyu aliiandika mvua katika siku aliyoipima, au aliirudisha kwenye siku iliyotangulia, kama wengine walivyoagizwa, kwani sehemu kubwa ya maji hayo ilinyesha jana yake? Na kitabu hiki kinachofuata kwenye rafu, chenye tarakimu kubwa ghafula, je, nchi ilipata gharika, au mtu ameacha inchi akashika milimita, ambazo ni 25.4 kwa kila inchi?

Majina nayo ni msitu. Lushoto katika karatasi za Kijerumani ni Wilhelmstal, Kasanga ni Bismarckburg, na Kisumu katika karatasi za awali za Kiingereza ni Port Florence. Haya yangekuwa mepesi lau jina moja lingekuwa la mahali pamoja. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali pa joto, chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kisha boma likahamishiwa milimani, likaitwa Langenburg Mpya, nalo ndilo Tukuyu ya leo, zaidi ya mita 1,500 juu, ambako mvua ni nyingi na usiku ni wa baridi. Mtu asiyejua habari hii akiziunganisha hesabu za Langenburg mbili katika mstari mmoja, atatangaza kwamba nchi ilipoa na mvua ikaongezeka kwa kiasi cha kutisha, ilhali kilichotokea ni kwamba serikali ilipanda mlima.

Kwa hiyo orodha iliyo kamili hueleza majina yote ya kituo tangu kilipoanza, mahali pake na mwinuko wake, aina ya chombo na saa ya kupima, vipimo vilivyotumika, mwezi wa kwanza na wa mwisho, miezi inayokosekana, kitabu kiko wapi, kiko katika hali gani, na kama pana nakala kwingine. Mimi naona hiyo ndiyo roho ya kazi yote, na naona pia kwamba wafadhili hawaipendi, kwa kuwa haipigiki picha. Hupenda kutoa kamera na mashine, na sina kinyongo na mashine. Lakini picha elfu hamsini za kurasa, zilizopewa majina kwa namba za kamera tu, ni ghala la barua zisizo na bahasha. Katika miaka ya 1980 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Ubelgiji walisaidia nchi nyingi za Afrika kuzinakili karatasi zao katika filamu ndogo, kazi ya maana sana kwa wakati wake. Ila filamu nayo huhitaji mashine ya kuisomea, na mashine hizo zimekuwa adimu.

Mfano wa jambo lililofanikiwa upo Uingereza. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya uviko, mwanasayansi Ed Hawkins wa Chuo Kikuu cha Reading aliwaalika wananchi kunakili karatasi 65,000 za mvua, zenye hesabu za miezi tangu mwaka 1677 hadi 1960. Wakajitokeza zaidi ya 16,000, wakaimaliza kazi katika siku 16, na hesabu zaidi ya milioni tano zikapatikana. Magazeti yalisifu wingi wa watu. Mimi huwasifu makarani wa kale, ambao walikuwa wamekwisha kuipa kila stesheni karatasi yake kwa kila miaka kumi na kuandika jina la mahali juu yake, hata mgeni asiyejua lolote akaweza kusaidia.

Faida ya yote haya si ya wanachuoni peke yao. Kimo cha Ziwa Viktoria kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1896, na kwa miaka zaidi ya sitini kilipanda na kushuka katika mipaka ambayo mhandisi yeyote angeweza kuiamini. Kisha zikaja mvua za mwisho wa mwaka 1961, na ilipofika 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, likameza mashamba na magati. Habari za wasafiri na wamisionari wa miaka ya 1870 zinaonyesha kwamba ziwa liliwahi kuwa juu kabla ya hapo, nje ya muda wa daftari, na lau daftari lingekuwa refu zaidi, mhandisi angekuwa ameonywa. Satelaiti nazo, ambazo wengi hudhani zimetuondolea haja ya karatasi, huona mawingu zaidi kuliko mvua yenyewe, na lazima zisahihishwe kwa vipimo vya ardhini. Huko Rwanda, ambako vituo vingi vilinyamaza baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wataalamu waliziba pengo la miaka kwa kuchanganya satelaiti na vipimo vilivyosalia, na pasipo hivyo vilivyosalia wasingekuwa na cha kushikia.

Madaftari ambayo hayajaingia katika orodha yoyote hayako mbali. Yako katika stoo za misheni, mashamba ya chai na katani, na maofisi ya wilaya, pamoja na mchwa na ukungu. Mwenye kuyakuta asiyaanike juani, wala asiyabandike ndani ya plastiki, wala asizitenganishe kwa nguvu kurasa zilizoshikana. Maandishi ya penseli huvumilia maji kuliko ya wino, hivyo kitabu kilicholowa si lazima kiwe kimekufa. Avipige picha kwanza jalada na kurasa za mwanzo, ambazo aghalabu ndizo huchanwa kwa kuonekana hazina tarakimu, ilhali ndimo lilimo jina la kituo, aina ya chombo na jina la mpimaji. Kisha aipashe habari mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yake, akitaja miaka iliyomo na mahali vitabu vilipo.