Adui Ajifichaye Katika Ini la Mbwa

Ndugu askari, mbwa wa kazi hunusa baruti iliyofichwa ndani ya mzigo, lakini hana njia ya kumwambia bwana wake kwamba ini lake linadhurika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na kwa mbwa wa aina fulani, adui huyo amerithiwa kutoka kwa wazazi.

Mwili huhitaji shaba kidogo itokayo katika chakula, na ziada yake ini huitoa kwa njia ya nyongo. Mbwa mwenye kasoro hii hushindwa kuitoa. Shaba hujilimbikiza mwaka hata mwaka. Ini huvimba, hujaa makovu, na mwishowe hushindwa kazi.

Ugonjwa huu ulielezwa nchini Marekani mwaka 1975, katika mbwa waitwao Bedlington Terrier, ambao asili yao ni kaskazini ya Uingereza. Mwaka 2002 wataalamu wa Uholanzi waliitambua jeni yenye kasoro. Mbwa wa aina hiyo huugua akiirithi kwa baba na kwa mama pia. Hivyo wazazi wawili waonekanao wazima, kila mmoja akiibeba kasoro hiyo, huweza kuzaa mgonjwa. Kwa kila mtoto, uwezekano ni 1 kati ya 4.

Kwa askari habari hii ina uzito zaidi, kwa kuwa Labrador, mbwa atumikaye katika majeshi na polisi wa nchi nyingi kunusa mabomu na dawa za kulevya, naye hupatwa na maradhi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ilibainika kwamba jeni mojawapo inayohusika kwake ndiyo ile ile ambayo, ikiharibika kwa binadamu, huleta ugonjwa wa Wilson.

Dalili huchelewa. Mbwa hupoteza hamu ya chakula, hutapika, hukonda na kuwa mzito wa kazi. Mwishoni macho na ufizi huweza kugeuka manjano. Basi mbwa hodari anapolegea, asihukumiwe kuwa mvivu wala asipigwe. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kipimo cha damu huweza kufichua madhara kabla ya dalili, kisha kipande kidogo cha ini hupimwa ili kupata hakika. Akigunduliwa mapema, chakula chenye shaba haba, pamoja na dawa ya penisilamini iondoayo shaba mwilini, huweza kumrefushia maisha.

Lakini kinga huanza kabla mbwa hajazaliwa, katika kuchagua wazazi. Kikosi kinunuacho mbwa na kiulize habari za ukoo wake na vipimo vya urithi. Askari apitaye njia nyuma ya mbwa ameikabidhi pua ya mnyama huyo uhai wake. Ni haki naye aulinde uhai wa mbwa.